Harufu Hutiwa Mwishoni: Maua ya Hopsi Katika Pombe ya Nyumbani



Juma hili tumeletewa swali na mama mmoja wa hapa Bujumbura, mke wa askari. Shemeji yake, aliporudi likizo kutoka Ubelgiji, alimletea pakiti ya gramu 100 ya maua makavu, ya rangi ya kijani, yenye kunukia sana. Akamwambia kwamba hayo ndiyo maua yanayoipa bia ya chupa uchungu na harufu yake. Nyumbani kwa mama huyo wanatarajiwa wageni watakaokuja kutoa mahari ya binti wa dada yake, na tayari ameagiza urwarwa na impeke ya kutosha. Anauliza: je, yafaa kuyatia maua hayo ndani ya pombe wakati wa kuwaandalia wageni, ili inukie kama bia ya kiwandani? Na kama yafaa, atie kiasi gani, na kwa njia ipi?

Jibu letu kwa ufupi ni kwamba yafaa, mradi mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, harufu itiwe mwishoni kabisa, pombe inapokaribia kuingia kinywani. Pili, itiwe mbele ya macho ya yule atakayekunywa. Tatu, isitiwe kamwe kwa nia ya kuificha pombe iliyoharibika. Maelezo yafuatayo yataonyesha sababu za masharti hayo, kwa maana mtu akijua sababu hahitaji kukumbushwa amri kila siku.

MAUA HAYO NI KITU GANI?

Hopsi ni mmea utambaao, ambao hupanda juu ya kamba na nguzo hadi kupita kimo cha mita 6. Yanayotumika katika pombe ni maua ya mmea jike peke yake. Ukilipasua ua lake moja utaona ndani yake chembechembe za manjano, laini na zenye kunata. Humo ndimo mna utomvu mchungu pamoja na mafuta yenye kunukia. Mafuta hayo ni machache mno: aghalabu hayapiti sehemu 3 au 4 katika kila sehemu 100 za uzito wa ua kavu. Kwa uchache huo, hayana budi kutunzwa kama mtu atunzavyo manukato.

Mmea huu haupatikani katika mashamba yetu, na sababu yake si uvivu wa mkulima wala ubaya wa udongo. Hopsi hutaka siku ndefu za kiangazi ili ichanue vizuri. Ndiyo maana hustawi Ujerumani, Cheki, kaskazini-magharibi ya Marekani, na huko Ubelgiji katika mji wa Poperinge na vijiji vyake. Bujumbura iko kiasi cha digrii 3 tu kusini ya Ikweta, na mchana wetu una saa zipatazo 12 mwaka mzima. Hata Afrika Kusini, katika nchi ya George iliyo mbali sana na Ikweta kuliko sisi, wakulima walilazimika kuwasha taa za umeme mashambani ili kuirefushia hopsi mchana wake.

Kwa hiyo hopsi iliyomo katika bia ya Brarudi, kiwanda kilichoanzishwa katika mji wetu mwaka 1955, imevuka bahari kabla ya kufika hapa, nayo hununuliwa kwa fedha za kigeni. Mama aliyeletewa gramu 100 amepewa kitu ambacho hakiuzwi katika soko la Buyenzi wala la Ngagara. Asikimwage ovyo.

Hapa pana neno moja ambalo askari na polisi wanaotusoma watalielewa upesi. Hopsi ni ya ukoo mmoja na bangi. Haina kile kilevi cha bangi, wala haikatazwi. Lakini maua yake makavu, yakifungwa katika kikaratasi kisicho na maandishi, yanaweza kumtia mchukuzi katika mahojiano marefu kizuizini, na askari aliye zamu hatakuwa amekosea kumwuliza. Basi, hopsi ikae ndani ya pakiti yake ya asili, yenye jina lake na mahali ilipotoka. Ukimgawia jirani, mwandikie jina la kitu hicho juu ya mfuko.

MOTO NA HARUFU

Hopsi ina kazi tatu katika bia, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni uchungu. Ya pili ni harufu. Ya tatu ni ulinzi, yaani kuvizuia vijidudu vinavyoifanya pombe kuwa chachu kupita kiasi.

Uchungu na ulinzi hutaka moto. Utomvu wa hopsi hauyeyuki vizuri katika kitu cha baridi. Ni lazima uchemshwe pamoja na maji ya kimea, aghalabu kwa muda wa saa moja, ndipo ugeuke na kuingia ndani ya kinywaji. Bali harufu hukimbia moto. Yale mafuta machache tuliyoyataja ni mepesi na huruka pamoja na mvuke. Ukiyachemsha saa moja, jiko litanukia na majirani watasifu, lakini chungu kitabaki mikono mitupu. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa bia hutia hopsi kwa vipindi: ya mwanzo kwa ajili ya uchungu, na ya mwisho kwa ajili ya harufu.

Sasa tutazame pombe zetu wenyewe. Urwarwa hautokani na maji yaliyochemshwa. Ndizi huivishwa shimoni kwa siku kadhaa, humenywa, hukandwa pamoja na majani hata zikatoa maji matamu; maji hayo huchanganywa na maji safi, hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, kisha huachwa yachachuke. Yakiachwa bila kuongezewa maji, huwa isongo, ambayo ni kali zaidi. Impeke hutokana na mtama uliooteshwa, ukakaushwa, ukasagwa na kupikwa. Katika hizo zote hakuna hopsi. Ndiyo sababu urwarwa haukai: siku chache tu baada ya kuwa tayari huanza kuwa mkali kama siki, hasa katika joto la mji wetu.

Basi mtu anayetia hopsi wakati wa kuandaa, bila moto mrefu, atapata moja tu katika zile kazi tatu, nayo ni harufu. Hatapata uchungu wa maana, wala hatapata ulinzi. Pombe iliyotiwa maua mezani itaharibika siku ile ile ambayo ingeharibika bila maua. Jambo hili likieleweka, mengine yote yatakuwa mepesi.

WENZETU WALIFANYAJE?

Desturi ya kutia majani na maua katika pombe ni kongwe, na si ya Wazungu peke yao. Ethiopia hutumia majani na vijiti vya mti uitwao gesho katika tej, ambayo ni pombe ya asali, na katika tella, ambayo ni pombe ya nafaka. Ulaya nayo ilitumia majani ya namna nyingi kabla hopsi haijashinda. Katika karne ya 12, mtawa wa Kijerumani Hildegard wa Bingen aliandika kwamba uchungu wa hopsi huzuia vinywaji visiharibike. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria walitoa amri kwamba bia ifanywe kwa shayiri, hopsi na maji tu.

Baadaye Waingereza walizoea kutia konzi ya hopsi kavu ndani ya pipa la bia iliyokwisha kuchachuka, ili harufu isichukuliwe na moto. Na mwaka 2002 kampuni ya Dogfish Head, ya jimbo la Delaware nchini Marekani, ilisogeza jambo hilo hadi mlangoni mwa kinywa. Walitengeneza chombo cha kukaa kati ya pipa na bomba, wakakijaza maua ya hopsi, na bia ikapita katikati ya maua hayo ilipokuwa ikielekea bilaurini. Watu wa majumbani wakaiga kwa kutumia birika la kahawa lenye kichujio cha kusukumwa chini: maua ndani, bia juu yake, dakika chache, kichujio chini, kisha kumimina.

Jirani zetu pia wanajua kwamba kazi ya pombe haiishi jikoni. Wateso wa Uganda huiongezea ajono yao maji ya moto pale pale chunguni, mbele ya wanywaji walioketi na mirija yao mirefu. Kwa hiyo mama yetu, akitia harufu wakati wa kuandaa, hatakuwa ameleta mambo ya ajabu. Atakuwa ametumia ua geni katika desturi inayojulikana.

NAMNA YA KUTIA

Zipo njia tatu, na kila moja ina pombe inayoifaa.

Njia ya kwanza ni ya birika la kahawa, nayo yafaa kwa urwarwa, isongo na bia ya chupa. Pima gramu 2 za hopsi kwa lita moja. Kama hopsi yako imesagwa na kufanywa vidonge vidogo, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa ni takriban gramu 2 na nusu. Tia hopsi katika birika safi lisilo na mabaki ya kahawa wala sabuni. Mimina pombe polepole, ukiacha nafasi ya kutosha juu yake, maana maua huamsha povu kwa nguvu, na bia ya chupa inaweza kufurika hadi mezani. Ngoja dakika 3 hadi 5. Sukuma kichujio, mimina, onja. Usiyaache maua humo kwa muda mrefu kwa kufikiri kwamba utaongeza uzuri. Yakikaa mno pombe hupata ladha ya majani mabichi na ukakasi ulimini.

Njia ya pili ni ya kitambaa, kwa nyumba isiyo na birika la namna hiyo. Chukua kipande cha kitambaa cha pamba, cheupe, kisichotoa rangi. Kichemshe dakika 10 na kukikamua. Funga hopsi ndani yake pamoja na kijiko kizito kisicho na kutu ili kisielee, tumbukiza katika jagi, na utoe baada ya dakika 10. Jagi moja moja latosha. Usitumbukize furushi kubwa katika bidoni zima la lita 20, maana likizidi hutaweza kupunguza, na wageni wote watalazimika kunywa kosa moja.

Njia ya tatu ni ya chai ya hopsi, na hiyo ndiyo tunayomshauri mama yetu kwa impeke. Impeke hunywewa kwa mirija kutoka chunguni, na vipande vya maua vitaziba mirija kabla mgeni hajamaliza salamu. Chemsha maji, yaepue, yaache yapoe kidogo yasitokote tena. Mimina robo lita juu ya gramu 4 za hopsi katika kikombe kikubwa, kisha funika mara moja, kwa maana mvuke unaotoka ndiyo ile harufu unayoitafuta. Baada ya dakika 10 chuja, acha ipoe ikiwa imefunikwa, na utie katika lita 2 za pombe. Njia hii ina faida ya pili: maji ya moto huua wadudu wengi wanaoweza kuwa juu ya maua.

Kwa hesabu hiyo, gramu 100 zatosha takriban lita 50. Zitakazobaki zifungwe vizuri, hewa ikamuliwe nje, ziwekwe mahali penye baridi na giza. Kwenye friji ni bora zaidi. Hopsi iliyoachwa wazi katika joto la Bujumbura huanza kunuka kama jibini kuukuu. Ikifikia hapo, itupwe.

Yapo makatazo manne ya kushika. La kwanza: usitie maua katika chupa au bidoni kisha ukafunga kifuniko. Urwarwa huwa bado unachachuka, na hopsi yenyewe huweza kuuamsha upya uchachu huo. Hewa ikikosa njia, chombo hupasuka na vigae humjeruhi mtu. La pili: usiiache bia ya chupa juani katika bilauri, hasa kwenye fukwe za Tanganyika mchana. Mwanga wa jua huharibu utomvu wa hopsi uliopikwa ndani yake, na bia hunuka kama kicheche. Ndiyo maana chupa nyingi za bia ni za rangi ya kahawia. La tatu: maua yaliyokwisha kutumika yafukiwe ardhini au yatupwe mbali na mbwa. Hopsi ni sumu kwa mbwa. Hupandisha joto la mwili wake hata akafa. Wenye mbwa wa ulinzi walishike hili sana. La nne: watoto wasitumwe kuonja ili kujua kama imekolea.

ASIYE NA HOPSI

Wengi wetu hatuna shemeji wa kutuletea pakiti, na hakuna haja ya kusikitika. Sheria ya harufu ni ile ile kwa majani yetu. Mchaichai, ganda la juu la limau lisilo na ile nyama nyeupe yenye uchungu, na tangawizi iliyopondwa, vyote hupoteza harufu vikichemshwa mno, na vyote huipa pombe uhai vikitiwa mwishoni. Vioshwe vizuri kwa maji safi, kisha vifanyiwe ile njia ya chai: maji ya moto, kifuniko, dakika 10, chujio. Jani lililochumwa ukingoni mwa mfereji na kutumbukizwa bichi chunguni laweza kuleta ugonjwa wa tumbo kwa ukoo mzima.

Kwa nyumba ambazo hazitumii pombe, nazo ni nyingi katika Buyenzi na kwingineko mjini mwetu, maarifa haya hayapotei. Maji ya ndizi ambayo hayajachachuka, yakipozwa na kutiwa chai ya mchaichai na ganda la limau dakika chache kabla ya kuandaliwa, ni kinywaji cha heshima ambacho mgeni yeyote atakipokea. Yanywewe siku ile ile, maana maji ya ndizi hayangoji kesho. Yakilala huanza kuwa pombe, na mwenye nyumba atakuwa amemwandalia mgeni asichokitaka.

Kitu kimoja tunakitilia shaka, nacho ni kahawa. Nchi yetu ina kahawa nzuri, na wapo wanaopenda kutia buni zilizokaangwa katika bia. Harufu yake hupendeza kweli. Lakini kahawa nyingi ndani ya pombe humfanya mlevi ajione yu macho, ilhali mikono na akili yake vimekwisha kulegea. Mnamo Novemba 2010 mamlaka ya vyakula na dawa ya Marekani ilizionya kampuni nne zilizokuwa zikiuza vinywaji vya ulevi vilivyotiwa kichangamsho cha kahawa. Kwa mtu anayeshika usukani au bunduki, kujiona yu macho bila kuwa macho ni hatari kuliko usingizi wenyewe, kwa sababu mwenye usingizi walau hujijua.

HARUFU SI NGAO

Sasa tunafika katika jambo lililotufanya tuandike kwa urefu. Harufu nzuri ina hila. Pua ya mwanadamu ni askari wake wa mlangoni: hunusa pombe iliyogeuka, chombo kichafu, kitu kigeni kilichochanganywa. Ukimimina harufu kali juu ya pombe mbaya, umemfumba macho askari huyo kabla adui hajapita.

Wapo wauzaji wanaochukua pombe iliyopitwa na siku zake, wakaitia limau, tangawizi au kitu kingine chenye kunukia, kisha wakaiuza kama mpya. Hilo ni udanganyifu, hata kama mnywaji hataugua. Kubaya zaidi ni kule kuongeza ukali kwa spiriti ya viwandani. Pombe ya ndizi au ya mtama iliyochachuka kwa njia ya kawaida, katika vyombo safi, haina sumu hiyo kwa kiasi cha kuua. Sumu huja mtu anapochanganya spiriti isiyo ya kunywa, au anapouza pombe ya kukoza kama kanyanga, ambayo sheria yetu imeikataza. Majirani zetu wa Kenya walizika watu zaidi ya 100 mnamo Novemba 2000, baada ya pombe yenye spiriti ya namna hiyo kunywewa katika mitaa duni ya Nairobi, na wengine waliopona walipoteza macho. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu wakafa tena katika sehemu mbalimbali za nchi hiyo.

Spiriti hiyo haitambulikani kwa ulimi, na hakuna ua wala jani linaloiondoa. Dalili zake aghalabu huchelewa, saa 12 hadi 24: kichwa kuuma sana, tumbo kukata, kutapika, na ukungu machoni. Mtu akiona ukungu machoni baada ya kunywa, asiachwe alale ili “imwishe”. Apelekwe hospitali mara hiyo hiyo, na waliokunywa naye waitwe, maana tiba ipo kwa anayewahi.

Neno kwa walio kazini. Hopsi yenyewe imejulikana tangu zamani kuwa huleta usingizi. Huko Ulaya watu walijaza maua yake ndani ya mito ya kulalia. Hatusemi kwamba gramu 2 zitamlaza askari. Twasema kwamba pombe yenye harufu nzuri hunyweka upesi, na anayekunywa kwa sababu ya harufu hasahau kuongeza, husahau kuhesabu. Aliye na zamu usiku, aliye na gari, aliye na silaha, basi harufu aisikie kwa mbali na kusifu, akisubiri siku yake ya mapumziko.

MWENYE NYUMBA HUONJA KWANZA

Katika desturi zetu za Burundi pombe si kinywaji tu. Zamani za wafalme, sherehe ya umuganuro, iliyofungua msimu wa kupanda mtama, ilikuwa ndiyo sikukuu kubwa ya nchi. Hata leo hakuna mahari inayojadiliwa wala ugomvi unaosuluhishwa bila kibuyu au chungu kuwekwa katikati. Na kabla mgeni hajagusa, mwenye nyumba huonja. Kuonja huko ni kiapo bila maneno: najua kilichomo humu, na mimi nimekunywa mbele yako.

Kwa sababu hiyo, tunamwambia mama yetu hivi. Siku ya wageni, chungu cha kwanza kiwe kama wazee walivyokizoea, bila ua hata moja. Wazee wanaokuja kupokewa hawakuja kujaribu mambo mapya. Wamekuja kutambua ladha wanayoijua, na kwa ladha hiyo kutambua kwamba wamefika kwa watu. Shughuli kubwa ikiisha na mazungumzo yakilegea, ndipo jagi la pili liletwe. Maua yaonyeshwe, pakiti ipitishwe mkono kwa mkono, ielezwe ilikotoka. Anayetaka atiliwe, asiyetaka apewe ile ya kawaida bila kubembelezwa. Na mama mwenyewe, au mumewe, aonje jagi hilo mbele ya wote kama lilivyoonjwa lile la kwanza.

Ukimtilia mgeni kwa siri, hata kitu kizuri, umekivunja kile kiapo. Ukimtilia mbele ya macho yake na kwa ridhaa yake, umemwongezea heshima. Gramu ni zile zile 2. Tofauti iko katika nia ya mkono unaotia.

Kwa mama wa biashara, anayeuza urwarwa mtaani ili kuwasomesha watoto, twamwachia ushauri huu. Pombe iliyokwisha siku zake itupwe, hata kama moyo unauma. Hasara ya bidoni moja hulipika kabla ya mwezi kwisha, lakini jina likiharibika mtaani huchukua miaka kusafishwa. Osha vyombo kwa maji ya moto, funika chungu, uza ingali mpya, kisha ndipo ufikirie mchaichai na limau. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Harufu iwe pambo la pombe njema; ile mbaya haina pambo, dawa yake ni kumwagwa.